Kupika ugali hakuondoi sumukuvu

Kila msimu wa mavuno ujumbe huu hurudi kwenye magrupu: mahindi yaliyoota ukungu yaoshwe, yaanikwe tena, yasagwe, kisha ugali upikwe hadi uive vizuri, na sumu itakuwa imekufa.

Si kweli. Moto huua kuvu, lakini sumu ambayo kuvu imeshaitoa hubaki. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi; sumukuvu huhitaji zaidi ya 200 ndipo ivunjike. Watu huchanganyikiwa kwa sababu harufu huisha na anayekula mara nyingi haugui siku hiyo, ilhali ini huumia polepole. Ikizidi huua haraka: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, zaidi ya watu 100 walifariki.

Kinga ni kukausha kabla ya kuhifadhi, juu ya turubai, si udongoni. Kupima kama mahindi yamekauka ni rahisi: tia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Yaliyokwisha kuota ukungu usile, wala usiwape kuku.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.