Sehemu ya kuandika ya IELTS: yanayosemwa Mwanza na yaliyo kweli

Muuguzi anayetoka Mwanza kwenda kufanya kazi Uingereza kwa njia ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hudaiwa na baraza la wauguzi la huko, NMC, alama 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Daktari anadaiwa zaidi: baraza la madaktari, GMC, linataka wastani wa 7.5 na kila sehemu isipungue 7. Wote wawili hufanya toleo la Academic, lile la kitaaluma, na kwenye kuandika wana dakika 60 kwa kazi mbili: ya kwanza, kueleza grafu, mchoro au ramani, maneno yasiyopungua 150; ya pili, insha, yasiyopungua 250. Mengi yanayosemwa kuhusu dakika hizo 60, kuanzia hospitali ya Bugando hadi chuoni Malimbe, yanawapotezea watu alama.

"Kiingereza kigumu ndicho chenye alama"

Vigezo ni vinne na vina uzito sawa: kujibu swali, mpangilio na mtiririko, msamiati, sarufi. Msamiati ni robo tu, na ndani ya robo hiyo kinachopimwa ni kama neno limekaa mahali pake. Anayeandika "plethora" pale ambapo "many" lingetosha, kisha akakosea herufi zake, amepoteza pande mbili. Afadhali ujifunze maneno yanavyoambatana: "heavy traffic", "raise awareness", "meet a need". Hayo ndiyo yanayomwonyesha msahihishaji kwamba lugha unaimiliki.

"Hoja zikiwa nyingi, insha imeshiba"

Hii tumeibeba kutoka sekondari. Insha ya Historia ilitaka utangulizi wenye maana ya neno, hoja sita, na hitimisho. Kwenye IELTS, hoja sita ndani ya maneno 250 zinakuwa orodha, na orodha haina maelezo. Chukua hoja mbili, kila moja na aya yake, na ndani ya aya panda ngazi nne: hoja, sababu, mfano, matokeo.

Tuseme swali linauliza kama serikali itumie fedha nyingi kwenye usafiri wa majini kuliko barabara. Hoja: visiwa havina njia mbadala. Sababu: barabara haifiki. Mfano: mgonjwa wa Ukerewe aliyepewa rufaa ya Bugando lazima avuke maji. Matokeo: kivuko kikikwama, matibabu yanachelewa. Hiyo ni aya ya maneno 80 hadi 90, na hakuna aliyekariri chochote. Utangulizi usianze na tafsiri ya neno. Sentensi mbili zinatosha, moja ya mada na moja ya msimamo wako. Msimamo wenyewe hauna upande wa kupendelewa. Kinachoangaliwa ni kama umeutetea na hukuugeuza katikati.

"Kariri insha kumi, moja itaangukia"

Haitaangukia. Wasahihishaji wamefundishwa kuitambua lugha ya kukariri, na sehemu iliyokaririwa haihesabiwi kuwa uwezo wako. Tena insha ya kukariri hujibu swali la jirani: uliulizwa sababu na suluhisho, ukaleta faida na hasara.

"Makosa ya sarufi hayatabiriki"

Yanatabirika sana, kwa sababu mengi yanazaliwa na Kiswahili chenyewe. Hapa ndipo pa kuweka nguvu.

Sisi husema "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda", kisha tunaandika "Although it rained, but we went". Kiingereza kinataka kimoja tu, "although" au "but". Kitenzi chetu hubeba kiambishi cha mtenda, "wavuvi wa Ukerewe wanauza", ndiyo maana kalamu huandika "The fishermen of Ukerewe they sell". Ondoa "they". Tunajadili *kuhusu* jambo, lakini "discuss" haifuatwi na "about". "Yeye" haina jinsia, kwa hiyo "he" na "she" hubadilishana ndani ya aya moja. "Kuazima" ni kutoa na kupokea, wakati "lend" na "borrow" ni vitu viwili. "Information", "equipment" na "advice" hazichukui "s" ya wingi. Na kwa wengi wa Kanda ya Ziwa, r na l zinazogongana mdomoni hufika hadi kwenye karatasi: "collect" inakuwa "correct", na maana yote inageuka. Hata ukitumia kompyuta, hakuna kisahihishi cha tahajia kitakachokuokoa.

Andika orodha ya makosa yako matano. Dakika 5 za mwisho usisome insha nzima kutafuta kila kitu. Ipitie ukisaka kosa moja, kisha urudie ukisaka la pili.

"Kwenye grafu, taja kila namba"

Kwanza toa picha ya jumla: nini kimepanda, nini kimeshuka, kipi kikubwa kuliko vyote. Jibu lisilo na picha ya jumla iliyo wazi hukwama kwenye 5 katika kigezo cha kujibu swali. Kisha chagua namba zinazoithibitisha. Usieleze sababu ambazo grafu haikuzionyesha, hata kama biashara ya sangara unaijua vizuri.

Angalia pia "kwa" na "hadi". Mauzo yakitoka asilimia 20 yakafika 35, yamepanda "to 35", siyo "by 35"; "by 35" yangefika 55.

Kwa mazoezi ya mchoro wa hatua, eleza safari ya dagaa wanaofika mwaloni Kirumba: wanavuliwa usiku kwa taa, wanaanikwa, wanapakiwa kwenye magunia. Kila hatua inadai "are caught", "are dried", "are packed". Kwa ramani, chora Kigongo na Busisi enzi za kivuko, kisha baada ya daraja.

Kwa wanaofanya General Training, toleo lisilo la kitaaluma, kazi ya kwanza ni barua yenye mambo matatu ya kutimiza. Salamu ndefu za nyumbani hazina nafasi humo, na jambo moja likiachwa, alama zinashuka.

Tahajia ya Uingereza au Marekani, zote zinakubalika, mradi usichanganye. Kazi ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza, kwa hiyo dakika 40 ni zake: 5 za kupanga, 30 za kuandika, 5 za kusaka makosa. Unaruhusiwa kuanza nayo.

Kompyuta inakuhesabia maneno. Ukifanyia karatasi, jua mapema mstari wako unabeba maneno mangapi. Wa maneno 10, kwenye kazi ya pili, alenge mistari 27 au 28, na akifika hapo aache kuongeza, arudi juu kuanza kusahihisha.