Ukakasi wa bia ya pili hauletwi na maji ya moto

Kila nikieleza jinsi ya kupata bia mbili kwenye mashi moja, yaani kimea kilichosagwa na kulowekwa kwenye maji ya moto, ukikamua kwanza woti nzito (majimaji yake matamu) kwa bia kali, kisha ukisuuza kimea hichohicho kwa bia ya pili, hakosi mtu wa kunionya: maji ya kusuuzia yakipita nyuzi 77, maganda ya kimea yatatoa tanini, kile kinachokausha kinywa kama chai kali, na bia ya pili itakuwa na ukakasi. Nimechoka. Wanaopika kwa dikoksheni huchota sehemu ya mashi, maganda na vyote, wakaichemsha hadi itokote, kisha wakairudisha chomboni. Moto peke yake ungekuwa na hatia, lager zao zisingenyweka.

Wa kushitakiwa kwanza ni pH, kipimo cha uchachu ambacho hupanda uchachu unapopungua. Mashi nzuri hukaa kati ya 5.2 na 5.6. Ukishakamua woti nzito, umeondoka pia na kile kilichokuwa kikiizuia pH isipande, na maji mapya, hasa yenye bikaboneti nyingi, yanaanza kutawala. Inapokaribia 6 ndipo maganda huachia tanini kwa urahisi, na hapo joto kweli huzidisha ubaya. Kwa hiyo tia asidi laktiki kidogo kidogo kwenye maji ya kusuuzia mpaka yashuke kwenye 5.5 hivi. Itakufaa kuliko kukesha na kipimajoto.

Sasa fanya hesabu, maana wanaoogopa bia ya pili hawajawahi kuifanya. Kimea kilo 8, maji lita 24. Kimea kitanyonya takriban lita moja kwa kilo, kwa hiyo utakamua lita 16, tuseme zenye uzito wa 1.080 (maji matupu ni 1.000; kinachozidi hasa ni sukari). Lita 8 zilizobaki kwenye machicha ni woti ileile, ya 1.080 vilevile! Ongeza maji lita 16, koroga vizuri, acha itulie, mimina tena juu ya machicha woti yenye ukungu inayotangulia kutoka, hadi itoke safi, kisha kamua yote. Umezimua mara tatu, basi ni 1.027 hivi. Ukiichemsha hadi zibaki lita 12 unapata 1.036, bia nyepesi ya heshima. Onyo la vitabuni husema acha kukamua ukifika 1.010. Wewe huko hujafika hata kidogo.

Anayefika huko ni yule anayenyunyiza maji juu huku woti ikitoka chini polepole, akitaka kujaza sufuria zote mbili mpaka tone la mwisho. Njia hiyo ina faida yake kwa bia moja. Kwa mbili, mimi nasuuza kwa mkupuo, kwa sababu najua uzito wa kila sufuria kabla sijawasha moto, na sihangaiki na vijia ambavyo maji hujichimbia katikati ya machicha.

Lakini hiyo 1.010 yenyewe siiamini sana. Kwa maji laini nimeshuka chini yake nisionje kitu. Na nilipowahi kuonja ukakasi, hopsi, yale maua ya kuipa bia uchungu, nazo zilikuwa nyingi, na hopsi zina polifenoli zake, jamii moja na tanini. Sasa nimlaumu nani, ganda au ua? Naiheshimu tu kwa kuwa sukari iliyobaki hapo haistahili gesi ya kuichemshia.

Hopsi za sufuria ya pili zipunguze, maana woti nyepesi huvuta uchungu zaidi. Chachu ianzie kwenye bia nyepesi, na mashapo yake yatachachusha ile nzito, kama una mahali pa kuitunza woti hiyo bila kuchafuka. Kama huna, nunua pakiti mbili.

Ukiona ya pili itakuwa maji matupu, mwagia kimea cha karameli kilichosagwa juu ya machicha kabla ya kusuuza. Kinaongeza rangi na mwili, tena kinashusha pH. Au fanya kama Fuller's, wapika bia wa London: chemsha kila woti peke yake, kisha zichanganye kwa viwango tofauti, ndivyo bia zao London Pride na ESB, iliyo kali zaidi, zilivyotoka kwenye mashi moja. Kwa sufuria mbili za nyumbani, kuhamisha lita 2 za woti nzito kwenda kwenye nyepesi kunatosha.