Masimango: fadhila inayodaiwa kila siku

Kusimanga ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea ili aumie, au ili afanye unalotaka wewe. Maneno yenyewe ndiyo masimango. Wengine, hasa pwani na Visiwani, husema masimbulizi, na kitendo chake ni kusimbulia. Ukisikia "bila mimi ungekuwa wapi leo?" au "sawa tu, nikifa mtakuja kunizika", na yamesemwa mara baada ya wewe kueleza kwamba huna au huwezi, basi unasimangwa.

Wanaoyajua vizuri ni waliolelewa kwa ndugu, na mimi ni mmoja wao. Nilikaa kwa mjomba miaka minne ya sekondari, Tanga. Alinilipia ada, alinishonea sare, na hakuwahi kunigusa hata kwa kofi. Lakini jioni, sinia likishatua mkekani, aliuliza: "Huu mchele mnajua kilo shilingi ngapi?" Alisema "mnajua", ila macho yalikuwa kwangu. Nikazoea kula upande wangu tu wa sinia, tonge ndogondogo, na kuinuka kunawa wakati binamu zangu ndiyo kwanza wanachanganya mchuzi. Mpaka leo nikikaribishwa chakula kwa watu, jibu linalonitoka kabla sijafikiri ni "nimeshiba".

Si kila neno zito la mzazi ni masimango, na ni dhuluma kulitumia neno hili ovyo. Mama akikwambia, "Mwezi mzima hujanipigia, nimeumia," hiyo ni lawama, na pengine ana haki. Akisema dawa za presha zimekwisha na anahitaji elfu thelathini, anaomba. Akikukabili mbele ya watu kwa uongo uliousema, anakusuta. Yote hayo yana pa kuishia: utaomba msamaha, utatuma, utakiri. Masimango hayaishi, kwa sababu deni lake halina kiasi. Mwenye duka ana daftari, ukilipa anakata jina lako. Anayekusimanga daftari analo kichwani na kalamu anaishika yeye peke yake. Ukimjengea choo, ataulizia bati. Ukiezeka nyumba, utaambiwa mtoto wa fulani amempeleka mama yake Hija.

Huwa tunayavumilia kwa kudhani kuwa kuyakataa ni kukataa mila na dini. Mila gani? Wazee wetu ndio waliosema tenda wema nenda zako. Katika Kurani, aya ya 264 ya sura Al-Baqara inawakataza waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na maudhi, na aya iliyotangulia inasema kauli njema na msamaha ni bora kuliko sadaka inayofuatiwa na maudhi. Paulo naye aliwaandikia Wakolosai (3:21) kwamba akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Hata Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981, ambao unatambua wajibu wa mtu kwa familia yake, una ibara ya 29 inayotaka tuwaheshimu wazazi wakati wote na kuwatunza wanapokuwa na shida. Soma hapo polepole: heshima ni ya wakati wote, matunzo ni ya wakati wa shida. Masimango huvichanganya hivyo viwili, ili kila usipotuma ionekane umekosa adabu.

Kinachoyapa nguvu ni hofu ya radhi. "Maziwa niliyokunyonyesha yatakutokea puani" ni kauli inayoweza kumtoa kijana kitandani saa tano usiku akakope kwenye simu, kwa riba, ili atume kabla hakujakucha. Nimewahi kufanya hivyo, na sikuwa na wema wowote moyoni nilipokuwa nabonyeza namba ya siri. Nilitaka tu moyo uache kudunda.

Lakini na wanaosimanga wana hofu yao. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na kuendelea, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ina mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi kwa wa umri huohuo. Ni msaada, ila hakuna anayeishi kwa fedha hizo peke yake, na Tanzania Bara mzee aliyelima au kuchuuza maisha yake yote hana hata hiyo. Pensheni yake ni watoto. Mtu anayeogopa kuachwa, na ambaye hakufundishwa kuomba bila kuona haya, huishia kudai. Nilipolielewa hilo kwa mjomba, hasira ilipungua, ingawa maneno yake hayakuacha kuwa masimango.

Lililonisaidia kwanza ni kuacha kutuma ndani ya saa ileile niliyosimangwa. Ukituma hapo umemfundisha njia ya kupitia. Nikachagua tarehe 2 ya kila mwezi na kiasi ninachokimudu hata mwezi mbaya, nikawa natuma kabla sijapigiwa. Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi: kuacha kujieleza. Kila sababu utakayotoa, kodi, ada ya mtoto, gari kuharibika, itachambuliwa na kutupwa. Siku moja mjomba akaanza, "Haya mjomba, mtu akishavaa tai hamjui aliyemnunulia kaptula." Nikamjibu, "Shikamoo mjomba. Ulinisomesha, sijasahau na sitasahau. Mwezi huu nina elfu hamsini." Akasema mengine marefu. Nikarudia sentensi zilezile, kwa sauti ileile, kisha nikamuulizia mguu wake unaomsumbua. Kukiri fadhila kwanza si unyonge. Ni kumnyima sababu ya kukukumbusha.

Yakizidi, usipambane peke yako. Tafuta mtu ambaye mwenye kusimanga anamwonea haya: kaka yake mkubwa, shangazi, shehe au mchungaji wake. Huyo anaweza kumwambia maneno ambayo ukiyasema wewe utaitwa mtovu wa adabu. Usiwapelekee watoto wa nyumbani kesi hiyo, wala kundi la ukoo la WhatsApp. Humo kila mtu ana daftari lake.

Na yapo yanayovuka mpaka wa neno lenyewe. "Tumekusomesha, sasa olewa na huyu tuliyemchagua" si masimango tena, ni kulazimisha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 16, inataka kila anayeoa na anayeolewa awe ameridhia mwenyewe kwa hiari. Ada haimo humo. Vivyo hivyo kadi yako ya benki ikikaa kwa ndugu, au ukifungiwa ndani, au ukipigwa kwa sababu "umeshindwa kurudisha fadhila". Hapo pa kwenda ni kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, au dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi. Ukienda, eleza kilichotendeka, lini na nani alikuwepo. Habari ya nani alikulipia ada haiko katika yale unayotakiwa kuyajibu.