Kompyuta ya kurekodi televisheni nyumbani: anzia kwenye antena

Anayetaka kuunda kompyuta ya sebuleni, ya kuangalia na kurekodi televisheni, karibu kila mara huniuliza kwanza kuhusu prosesa. Anataka kujua kama i7 itatosha, na kama anahitaji kadi ya picha. Mimi humpandisha kwanza juu ya paa. Kazi yangu ni kufunga mifumo hii majumbani hapa Dar es Salaam, na mtambo unaoharibu rekodi mara nyingi hauna tatizo la nguvu. Unakosa mawimbi safi, au saa yake haisemi kweli.

Ushauri wa kununua prosesa kubwa ulikuwa na sababu zamani. Enzi za analojia, kompyuta ilipokea picha ambayo haijabanwa, ikalazimika kuigeuza kuwa dijitali na kuibana papo hapo. Ndiyo maana kadi kama Hauppauge PVR-250 zilipendwa sana: zilikuwa na chipu yao ya kubana video kwa muundo wa MPEG-2, zikaipumzisha prosesa. Lakini mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012. Matangazo ya DVB-T2, yaani televisheni ya dijitali ya antena, yanafika kwenye antena yakiwa yameshabanwa kituoni. Kurekodi sasa ni kuchukua data hiyo jinsi ilivyo na kuiandika kwenye diski, kazi ambayo kompyuta ya miaka kumi iliyopita inaifanya bila hata feni kuongeza kasi.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba tyuna moja, kile kifaa kinachopokea matangazo kutoka kwenye antena, haimaanishi chaneli moja. Mnara haurushi chaneli mojamoja. Unazikusanya kadhaa kwenye masafa mamoja, na mkusanyiko huo huitwa maltipleksi. Tyuna ikishashika masafa hayo, chaneli zote zilizomo zimeingia ndani ya kompyuta. Unaweza kurekodi taarifa ya habari ya kituo kimoja, tamthilia ya kingine, na bado ukaangalia cha tatu, ilimradi vyote viko kwenye maltipleksi ileile. Tyuna ya pili unaihitaji pale tu vipindi viwili unavyovitaka vinapokuwa kwenye masafa tofauti. Kwa familia ya kawaida tyuna mbili zinatosha kabisa.

Ukienda Kariakoo kununua tyuna ya USB, soma maandishi ya kwenye boksi kwa makini. Zipo nyingi zilizoandikwa DVB-T bila ile 2, na hizo kwenye DVB-T2 hazioni chochote. Hakikisha pia chipu yake inatambuliwa na Linux, mfumo endeshi wa mitambo hii. Hauppauge WinTV-dualHD ina tyuna mbili ndani ya kifaa kimoja na inafanya kazi vizuri. Wenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, wana TV HAT, kibao kidogo cha DVB-T2 kinachokaa juu yake. Tyuna za USB hupata moto, kwa hiyo mimi huziweka kwenye waya mfupi wa USB, mbali na mgongo wa kompyuta.

Halafu kuna chaneli zilizofungwa. Chaneli ya kulipia inayohitaji kadi ya king'amuzi haitafunguka kwenye tyuna yako, na sishauri mtu atafute njia za panya. Kabla hujatumia hela nyingi, chukua laptopu na tyuna, fanya utafutaji wa chaneli hapo kwako, uone zipi ziko wazi. Orodha ya Mbezi si lazima ifanane na ya Kigamboni, na jirani yako si ushahidi, kwa sababu huenda yeye anatumia king'amuzi.

Sasa tupande paa. Tazama antena za majirani: zimeelekezwa wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama? Fuata hivyo hivyo. Tumia waya wa RG6 wa ohmu 75, na usikimbilie kikuza mawimbi. Nyumba iliyo karibu na mnara ikiwekewa kikuza, tyuna huzidiwa, na picha inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Usiridhike na asilimia ya nguvu ya mawimbi, kwa kuwa kelele nayo huhesabiwa kama nguvu. Mimi nafungua Tvheadend, programu ya kurekodi, naenda kwenye ukurasa wa hali ya tyuna, na kuangalia hesabu ya makosa ya mfululizo (continuity errors), yaani vipande vya data vilivyopotea njiani. Ikibaki sifuri kwa saa nzima ya jioni, wakati bodaboda zinapita na majiko ya umeme yamewashwa, antena imekaa sawa. Ikipanda kila pikipiki inapopita, kazi ya paani haijaisha. Kwa mtazamaji ni mkwaruzo wa nusu sekunde tu, anausahau. Kwenye rekodi unabaki humo daima.

Kompyuta yenyewe naipitia haraka. Chukua mashine ndogo ya ofisini iliyotumika, kama HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny, yenye Intel ya kizazi cha sita au zaidi. Haili umeme mwingi, haina kelele, na inacheza video iliyobanwa kwa H.264 bila jasho. RAM ya gigabaiti 4 inatosha. Mfumo endeshi uweke kwenye SSD ndogo, rekodi zikae kwenye diski nyingine. Usirekodi kamwe kwenye kadi ya SD ya Raspberry Pi. Kuandikwa mfululizo kunaichosha mapema.

Ukubwa wa diski una hesabu rahisi: kila megabiti 1 kwa sekunde hula gigabaiti 0.45 kwa saa. Chaneli inayokuja kwa megabiti 4 itachukua gigabaiti 1.8 kwa saa, na terabaiti 1 itabeba takriban saa 550 za vipindi vyake.

Umeme ndio unaotaka uangalifu zaidi. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, uiagize ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, maana bila hivyo itabaki imezimwa mpaka mtu akumbuke. Badilisha betri ya CR2032 kwenye ubao mama siku hiyohiyo unayonunua mashine. Betri hiyo ikiwa imekufa, mashine huamka na tarehe ya zamani, na kama intaneti haipo ya kuisahihisha, kila ulichopanga kurekodi kinapita bila kurekodiwa. Rekodi ziache katika muundo wa TS, uleule zinaokuja nao kutoka hewani, usizigeuze MP4 wakati wa kurekodi. TS imekatwa katika vipande vya baiti 188 vinavyojitegemea, hivyo umeme ukikatika katikati ya mechi, utaona kila kitu mpaka sekunde ya mwisho. MP4 huandika faharasa yake mwishoni. Ikikatizwa, faili zima laweza kukataa kufunguka.

Upande wa programu, Tvheadend inarekodi na Kodi inaonyesha. Ratiba ya vipindi inayorushwa na vituo mara nyingi ina mapengo, kwa hiyo napanga kwa saa badala ya jina la kipindi, na kuongeza dakika 5 kabla ya kipindi na 15 baada yake. Mama mmoja wa Temeke niliyemfungia mtambo alitaka kitu kimoja tu: kipindi cha kwaya cha Jumapili asubuhi, kwa sababu saa hiyo mwenyewe yuko kanisani. Alipoona nimeandika 09:00 akashtuka: "Mwanangu, si nimekwambia saa tatu?" Nikamwambia, "Ndiyo hiyo hiyo saa tatu, mama." Tangu hapo kila mteja namwachia karatasi ukutani yenye saa zetu upande mmoja na za mashine upande wa pili. Kipindi kama kile hakirudiwi, wala si rahisi kukipata mtandaoni. Kikipita kimepita, na kwa ajili yake tu mtambo huu una thamani.

Bado rimoti. Kompyuta nyingi za ofisini hazina CEC, ule utaratibu wa HDMI unaoiwezesha rimoti ya televisheni kuendesha kifaa kilichochomekwa. Raspberry Pi inao. Kwa hiyo mara nyingi nagawa kazi: mashine ya kurekodi inakaa karibu na waya wa antena, hata stoo, na sebuleni naweka Raspberry Pi yenye LibreELEC, mfumo mdogo uliotengenezwa kuendesha Kodi, vikiunganishwa kwa waya wa mtandao. Bibi na wajukuu wanatumia rimoti ileile waliyoizoea, na ukiongeza televisheni chumbani, unaongeza Pi nyingine tu. Paani hugusi kitu.