Kimbunga Hakifyonzi Bahari: Unyevu wa Tufani za Majira ya Joto Hutoka Wapi

Kati ya Novemba na Aprili, ambayo ni majira ya joto kusini mwa Ikweta, vimbunga vya Bahari ya Hindi huambatana na maelezo yaliyozoeleka kwamba upepo wake hufyonza maji ya bahari na kuyamwaga nchi kavu. Lau ingekuwa hivyo, mvua yake ingekuwa ya chumvi. Kinachopanda angani ni mvuke, ambao huiacha chumvi baharini. Marasharasha yanayopeperushwa kutoka kwenye mawimbi yana mchango mdogo mno katika mvua hiyo.

Dhana ya pili ni ngumu zaidi kuing'oa kwa kuwa imebeba sehemu ya ukweli. Inadai kwamba mvua yote ya kimbunga ni maji yaliyovukizwa kutoka eneo la bahari lililo chini yake. Hesabu inaikataa. Januari 1966, Kimbunga Denise kilipopita kwenye kisiwa cha Réunion, huko Foc-Foc zilipimwa milimita 1,825 za mvua katika saa 24, rekodi ya dunia inayotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Milima mirefu ya kisiwa hicho ilichangia sana kwa kuilazimisha hewa ipande, lakini mlima hauumbi maji. Mvuke wote uliomo katika hewa ya tropiki yenye unyevu mwingi, tangu usawa wa bahari hadi juu kabisa, ukigeuzwa kuwa mvua hutoa milimita 60 au 70 hivi. Na bahari, hata ikipigwa na pepo kali za kimbunga, haivukizi milimita 100 kwa siku.

Sehemu kubwa ya maji hayo, kwa hiyo, hutoka mbali. Kanieneo ya hewa ikishuka katikati ya kimbunga, hewa ya tabaka la chini husogea kuelekea huko kutoka umbali wa mamia ya kilomita, ikiwa na mvuke ambao pengine ulitoka baharini siku kadhaa kabla, kwani mvuke hukaa angani kwa wastani wa siku nane hadi kumi.

Bahari iliyo chini ya kimbunga ina kazi nyingine, nayo ni kukipa nguvu. Maji yenye joto la nyuzi 26.5 za Selsiasi au zaidi huiongezea joto na mvuke hewa inayokaribia jicho, yaani kitovu cha kimbunga, na mvuke huo unapogeuka matone huachilia joto linaloisukuma hewa juu zaidi. Machi 2019, Kimbunga Idai kilidhoofika kilipokuwa juu ya nchi kavu ya Msumbiji na Malawi, kikarudi kwenye Mlango-Bahari wa Msumbiji, kikapata nguvu upya na kuipiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15.

Hapo ndipo wengi hukosea tena, wakidhani kwamba kimbunga kilichoacha bahari kimeishiwa maji. Pepo za Idai zilipungua haraka, ila mzunguko wake uliendelea kuvuta hewa yenye unyevu kutoka baharini, na mvua ikasababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu wengi Chimanimani, Zimbabwe, kiasi cha kilomita 200 kutoka pwani.