Savana si msitu uliokatwa

Tangu enzi za wakoloni watu wameaminishwa kwamba nyika zetu zenye nyasi ni mabaki ya misitu: eti wakulima walikata, wafugaji wakachoma, basi. Kwa baadhi ya maeneo ni kweli. Kwa savana nyingi, sivyo.

William Bond, mwanaikolojia wa jamii za mimea wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ametumia sehemu kubwa ya kazi yake kuonyesha hivyo. Mwaka 2005, yeye na wenzake walichapisha utafiti wa kompyuta uliouliza: bila moto, dunia ingefunikwa na nini? Jibu ni kwamba sehemu kubwa za nyasi zina mvua ya kutosha kuotesha msitu. Moto ndio unaouzuia, na moto huo, ukiwashwa na radi, umekuwepo mamilioni ya miaka kabla ya shoka.

Mimea yenyewe inashuhudia. Mchukue Parinari capensis wa kusini mwa Afrika, ndugu wa mbura. Juu unaona vijitawi vinavyofika kifundoni. Shina lake la mti limejificha udongoni. Moto ukipita, majani yanaungua, kisha machipukizi yanatoka chini. Umbo hilo halizuki kwa karne moja ya kuchoma mashamba.

Ndiyo maana Bond anapinga kampeni za kupanda miti kwenye nyasi za kale kwa jina la kuokoa hali ya hewa. Kivuli kikifunga, nyasi zinazopenda jua hufa, na mimea kama huyo Parinari pia.