Utando wa seli sio ukuta jamani, ni mafuta yanayotembea

Mwaka wangu wa kwanza field maabara niliua tyubu kumi na mbili za damu kwa mkupuo mmoja. Nilitakiwa nizioshe seli nyekundu kwa maji ya chumvi, ile saline ya asilimia 0.9, mimi nikabeba chupa iliyokaa pembeni yake, ya maji safi kabisa yasiyo na chumvi hata chembe. Bosi wangu hakunigombeza, alichukua gazeti akalishika nyuma ya tyubu akaniambia soma. Nikasoma! Herufi zote hizo hapo. Damu nzima huwezi kusoma kitu nyuma yake kwa sababu seli zinazuia mwanga, ila zikishapasuka himoglobini inamwagikia majini na unabaki na kitu chekundu angavu kama juisi ya rozela.

Kilichopasuka pale ni utando. Wengine wanaita kiwambo, neno ambalo zamani nilikuwa nalibishia sana, nitarudi hapo, ila usiite ukuta maana ukuta wa seli ni wa mimea na bakteria huko, sisi hatuna. Unene wake ni kama nanomita 7 au 8, upange zaidi ya 10,000 ndio ufikie karatasi moja. Kwenye seli nyekundu, ukiupima kwa uzito, karibu nusu ni protini, kama asilimia 40 ni mafuta, yaani lipidi, na zilizobaki ni sukari.

Hayo mafuta mengi yake ni fosfolipidi, ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, kwa hiyo ukiziweka majini zinajipanga zenyewe safu mbili, vichwa nje mikia ndani, hakuna fundi. Mwaka 1925 Gorter na Grendel kule Leiden, Uholanzi, walikamua lipidi za seli nyekundu, wakazitandaza juu ya maji, wakapata eneo mara mbili ya eneo la seli zenyewe, ndio wakasema ni safu mbili. Raha yake ni kwamba walikosea mara mbili, hawakukamua lipidi zote na eneo la seli wakalipima dogo kuliko lilivyo, makosa yakafutana, jibu likatoka sahihi. Ningekuwa na bahati hiyo siku ya zile tyubu!

Sasa wengi wanaweza kuuchora utando mtihanini ila kichwani wanauona umesimama tu. Hausimami. Mnaokaa Njombe mnajua mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa asubuhi ya Juni wakati ya alizeti bado yanamiminika, ni kwa sababu mikia iliyonyooka inalaliana vizuri kama mzigo wa kuni na iliyopinda haifungiki. Utando unachanganya zote mbili halafu unaongeza kolesteroli, ndiyo hiyohiyo mnayoitukana, kwenye seli nyekundu idadi yake inakaribia ya fosfolipidi, joto likipanda inazuia utando usilegee mno na baridi ikija inazuia usigande. Mwaka 1970 Frye na Edidin waliunganisha seli ya panya na ya binadamu ikawa seli moja, protini za kila upande zimepewa rangi yake, wakaiweka kwenye nyuzi 37, dakika 40 tu rangi zimeshachanganyika.

Protini zenyewe kila moja na kazi yake, akwaporini ndiyo inayopitisha maji (Peter Agre aliipata kwenye seli hizihizi nyekundu, akachukua Nobel ya kemia 2003), na chini ya utando kuna wavu wa spektrini unaoishikilia seli isipoteze umbo. Group yako ya damu A au B ni sukari moja tu mwishoni mwa mnyororo.

Lakini utando una udhaifu mmoja, unakunjika utakavyo ila hautanuki, ukiuvuta eneo likaongezeka kwa asilimia 3 au 4 tu unachanika, ndio maana zile zangu zilipojaa maji zilikwisha. Na hapo ndipo stori ya Kilifi, pwani ya Kenya, inaponoga. Kuna group ya damu inaitwa Dantu, inatokana na jeni za glikoforini (protini za utando wa seli nyekundu) kuungana vibaya, na mtu aliyeirithi kwa baba na mama ana kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Watafiti walichukua damu za watoto wa Kilifi wakawarekodi video vimelea wakijaribu kuingia kwenye seli, na utafiti ukatoka 2020. Walidhani wataona kitasa fulani, yaani protini ambayo kimelea anaishika ili aingie, kimeondolewa, kumbe tatizo la kimelea ni kwamba seli za Dantu kwa wastani zimekaza zaidi. Utando ukivuka mkazo fulani kimelea huwa hapiti, hata kwenye damu ya mtu asiye na Dantu.

Kiwambo kinatokana na kuwamba, kama ngozi ya ngoma. Basi yaishe, siwabishii tena.